Kuongea Kichina nyumbani hakumfundishi mtoto kukisoma

Wazazi wengi wa Kichina wanaoishi Marekani au Uingereza huamini kwamba mtoto akiongea Kichina nyumbani, kusoma kutakuja kwenyewe. Hakuji. Mtoto wa Kiswahili akishajua ba, be, bi, bo, bu na wenzake, anasoma hata neno asilolijua. Kichina hakina njia hiyo ya mkato: mtaala wa shule za msingi za China hutaka mtoto atambue alama za maandishi (kila moja husimamia silabi nzima, si herufi) zipatazo 3,000, na 1,600 kati ya hizo katika miaka miwili ya kwanza.

Mkongojo wa kawaida ni pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini. Inafaa kwa matamshi. Lakini ikichapwa juu ya kila alama, jicho la mtoto hukimbilia penye wepesi, na alama yenyewe haliitazami. Funika mstari huo kwa karatasi. Andika pinyin kwa penseli juu ya alama ngeni tu, uifute baada ya wiki.

Alama tatu kwa siku, dakika kumi na tano, zinalipa kuliko saa mbili za Jumamosi pekee. Na zivunjwe vipande. 妈, mama, ina mistari sita ya kalamu: kushoto 女, mwanamke, huashiria maana, kulia 马, farasi, huazima sauti yake tu, “ma” (mama hana uhusiano wowote na farasi). Akishaling'amua hilo, 吗 ya kuulizia swali haimsumbui: farasi yuleyule, safari hii kando ya 口, mdomo.