Acheni kuongeza gundi: boksi faili la sikukuu na karatasi ya kaki

"Gundi ilikuwa kidogo, ongeza." Desemba ikikaribia ushauri huu unarudi kama mafua, na Ramadhani ikiandama unarudi tena. Mtu kanunua boksi faili la kupangia sikukuu (bajeti, wageni, risiti, nauli za kwenda Moshi), kalivika karatasi ya kaki vizuri tu, na asubuhi jalada limejaa mawimbi. Wajuzi wote wanamlaumu kwa ubahili wa gundi. Hapana jamani. Mara nyingi gundi ilizidi, na kosa lenyewe lilifanyika kabla hata chupa haijafunguliwa, pale mkasi ulipoingia kwenye karatasi.

Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo. Nyuzi zake nyingi hulala upande ule mashine ilikokuwa ikiivuta. Uzi ukilowa hunenepa sana na kurefuka kidogo mno, kwa hiyo karatasi iliyopakwa gundi ya maji hutanuka kukatisha nyuzi, si kuzifuata. Ukiibandika ikiwa bado inatanuka, ile ziada haina pa kwenda ila juu. Yatazame hayo mawimbi kwa karibu: kama ni marefu na yote yanaelekea upande mmoja, yanafuata nyuzi, na maana yake karatasi ilitanukia juu ya kadibodi. Kama ni malengelenge ya duara, hiyo ni hewa. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na hakuna linalotibiwa kwa gundi zaidi.

Kanuni ni moja: nyuzi zisimame sambamba na mgongo wa faili. Hapo jalada hufunguka bila karatasi kupasuka kwenye bawaba (pale jalada linapokunjikia mgongoni), na mvutano wa kukauka hauipindi kadibodi kama chane ya ndizi.

Kuupata mwelekeo: kata kipande cha sentimita 5 kwa 5, kiwekee alama ya kukumbuka kilivyokaa kwenye karatasi, kisha lowesha upande mmoja. Kitajikunja kuwa mrija. Urefu wa mrija ndio mwelekeo wa nyuzi. Wengine huchana tu: kufuata nyuzi mchano hunyooka, kuzikatisha huenda mrama. Mimi naamini maji kuliko mchano, ingawa kuna kaki laini za bei rahisi ambazo hujikunja kidogo huku na kidogo kule. Hizo mimi huzikata vyovyote, nikapunguza maji kwenye gundi.

Sasa roli, maana ndilo linalowaponza wengi. Kwenye roli nyuzi hufuata urefu wa roli. Pima faili lako. Tuseme kila jalada lina upana wa sm 28.5, mgongo sm 8, kimo sm 32. Likiwa wazi lina sm 65, na ukiongeza sm 2 za kukunjia kila upande unahitaji karatasi ya sm 69 kwa 36. Roli lina upana wa sm 50. Unafanyaje? Unafungua sm 69 za roli, unakata, na kwa mkato huo huo nyuzi zote zimelala kukatisha mgongo. Kazi imeharibika na bado hujaosha brashi.

Tumia vipande vitatu, kama wafanyavyo wajalidi wengi wa vitabu. Kata sm 36 za roli: upana wake unatoa jalada moja la sm 28 na utepe wa mgongo wa sm 14. Kata sm 36 nyingine upate jalada la pili. Jumla sm 72 badala ya 69. Sentimita tatu! Watu wanaharibu faili zima kwa ajili ya sentimita tatu za kaki.

Utepe hubandikwa kwanza, ukipanda sm 3 juu ya kila jalada, kisha vipande vya pembeni viupande kwa nusu sentimita. Utepe ukiwa wa kitenge ni bora zaidi, maana bawaba ndiyo inayofanya kazi kuliko sehemu nyingine zote. Kwa kitambaa usitie maji kwenye gundi, itapenya na kuacha madoa.

Kwa karatasi, gundi nyeupe ya mbao sehemu tatu, maji sehemu moja. Gundi ya unga wa ngano nayo ni nzuri na inakupa muda wa kusogeza, lakini mende wa pwani huiona kama futari. Paka karatasi, usipake faili. Anza katikati kwenda kingo, tabaka jembamba, kisha subiri. Dakika moja kwa kaki nyepesi, mbili kwa nzito, mpaka iache kujikunja na ilale. Kusubiri huku ndiyo dawa ya mawimbi, na ndiko wanakokuruka wote. Kisha bandika, sugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati.

Mgongo ubandikwe faili likifungwa na kufunguliwa, huku ukiusukumia utepe ndani ya mifereji ya bawaba kwa ukucha. Ukiubandika faili likiwa limelala wazi tu, siku ya kulifunga utakosa urefu na kuchanika.

Kona: kata kwa mshazari, ukiacha milimita 3 kutoka ncha ya kadibodi. Ukikata hadi nchani, kadibodi itachungulia.

Kuna vitundu viwili vyembamba kwenye jalada la mbele, vinavyopitisha zile pete za ndani zinazoshika karatasi. Vikifunikwa, faili halifungi. Vikate karatasi ikishakauka, si mbichi. Tundu la kidole mgongoni likate kwa nyota na ukunje ncha ndani, kama pete yake ya chuma inakuruhusu. Kama hairuhusu, kata kuizunguka na uache pete ionekane.

Yote haya ni kwa faili la kadibodi iliyofunikwa karatasi, lile jeusi lenye mawingu ya kijivu. Faili la plastiki laini halishiki gundi nyeupe. Msasa husaidia kidogo, lakini baada ya miezi michache karatasi hubanduka kama ganda la chungwa. Nunua jingine.

Likaushe kivulini usiku kucha chini ya vitabu vizito, nailoni ikitenganisha mikunjo ya ndani. Juani upande wa nje hutangulia kukauka na jalada hupinda. Likipinda hata hivyo, bandika kaki ndani ya jalada, nyuzi upande ule ule, ili livutwe pande zote mbili. Hufanikiwa, si kila mara.

Mapambo fanyeni mpendavyo, ila vimetameta humwagika hadi kwenye pilau, na vifungo na maua ya unene hukwama faili likisimama rafuni. Mihuri ya kiazi kwa rangi nzito inatosha. Na mwaka usiuandike kwenye kaki yenyewe: Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na faili hili mtalitumia tena. Weka lebo ya manila kwenye mfuko mdogo wa karatasi mgongoni, gundi kingo tatu tu, mdomo uwe juu.