Jahazi linaelea, mbona linavunja mguu?

Pale gatini Lamu, maji yakijaa, baharia mmoja huweza kulisogeza jahazi lenye shehena kwa upondo tu, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo. Basi mbona huwakataza watoto wasitie mguu kati ya jahazi na ukuta wa gati?

Kwa nini mtu mmoja huweza kulisogeza? Miaka mingi nilishika jibu hili: jahazi likielea limebebwa na bahari, kwa hiyo ni jepesi. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonipoteza. Maji hulisukuma jahazi juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake, ndiyo maana halizami. Lakini uzito ni mvuto wa dunia, nao huelekea chini. Ukilisukuma kwenda ubavuni, kinachokukaidi ni tungamo, yaani wingi wa vitu vyenyewe: mbao, misumari, boriti za mikoko. Bahari haipunguzi tungamo hata ratili moja. Tani 10 mchangani ni tani 10 majini. Kilichoondoka ni msuguano wa mchanga.

Kanuni ya pili ya mwendo, ambayo Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687, siku hizi hufundishwa hivi: nguvu ni tungamo mara mchapuko, na mchapuko ni kasi inavyobadilika kila sekunde.

Tuseme jahazi lina kilo 10,000 na baharia anasukuma kwa nyutoni 200, karibu nguvu ya kuinua dumu la maji la lita 20. Baada ya sekunde 10 jahazi linakwenda sentimita 20 kwa sekunde. (Kwa kweli ni pungufu kidogo, kwa sababu maji yanayolizunguka nayo lazima yasogezwe.)

Kulipa jahazi mwendo huo ni kama kujaza mtungi kwa kata. Kila sekunde kata moja, polepole, mtungi ukajaa. Sasa jahazi likigonga, ukuta unataka mtungi wote umwagike kwa nusu sekunde. Kata haitoshi tena: zinahitajika nyutoni 4,000, madumu 20 kwa pamoja, juu ya mfupa wa mguu.

Ndiyo kazi ya dafrao, kinga inayowekwa kati ya chombo na gati, hata liwe tairi kuukuu: linabonyea, na muda wa kusimama unarefuka. Kamba hufanya vizuri zaidi. Baharia huizungusha kwenye nguzo ya gati na kuiachia iteleze. Jahazi likichukua sekunde 5 kusimama, nguvu inayohitajika ni nyutoni 400, madumu 2 tu, na sehemu kubwa yake hubebwa na msuguano wa nguzo, si mikono yake.