Thomas Jefferson ya Virginia: Mlango Halisi wa Shule ya Sumaku

Wazazi wenzangu wanaohamia kaskazini mwa Virginia huniuliza swali moja kwa namna nyingi: hiyo Thomas Jefferson ni kama Ilboru? Aliyetoka Kenya huuliza kama ni Alliance yao. Kwa ukali wa masomo, ndiyo, zinafanana. Kwa mengine karibu yote hazifanani. Mtoto wa Ilboru, Mzumbe au Kilakala huchaguliwa na serikali kwa matokeo ya mtihani, akafunga sanduku akaenda bweni. Thomas Jefferson ni sekondari ya umma ya kutwa, mojawapo ya zile ziitwazo shule za sumaku. Mtoto analala kwao, hakuna ada, anaomba mwenyewe, na kanuni za nani apewe nafasi hutungwa na bodi ya elimu ambayo wajumbe wake wanapigiwa kura na wakazi. Hili la kupigiwa kura ndilo limezaa kesi, mikutano ya makelele na urafiki kuvunjika.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na jioni huwasaidia wazazi wanaozungumza Kiswahili kuelewa mfumo wa shule za huku. Naandika kwa sababu naona watu wanagombana sana kuhusu mlango wa shule hizi, wakati mlango wenyewe hawajauona ulipo.

Shule za sumaku zinaitwa hivyo kwa kuwa zilibuniwa kuvuta wanafunzi kutoka nje ya mtaa wao. Sababu ya kuwavuta ilikuwa rangi. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Brown, kwamba kutenganisha wanafunzi Weusi na Weupe ni kinyume cha katiba. Lakini Wamarekani wanaishi kwa mitaa, na mtoto husoma shule ya mtaa wake, kwa hiyo hata sheria ilipofutwa utengano ulibaki palepale. Mahakama zikaanza kuamuru watoto wapandishwe mabasi kuvuka miji. Boston mwaka 1974 mabasi hayo yalipigwa mawe.

Kukawa na wazo lingine, la upole zaidi: usimlazimishe mzazi, mtamanishe. Chukua shule iliyo kwenye mtaa wa Weusi, weka humo kitu ambacho hakipo kwingine, kisha fungua milango kwa mji mzima. Shule ya msingi McCarver huko Tacoma, jimbo la Washington, ilijaribu hivyo mwaka 1968 na ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza. Miaka ya sabini wazo likasambaa: shule ya sanaa huku, ya udaktari kule, ya lugha za kigeni pengine.

Lilipozidishwa, likachekesha. Kansas City, Missouri, hakimu wa shirikisho aliamuru fedha zimwagwe hadi sekondari zote, shule zote za kati na nusu ya shule za msingi za mji zikawa za sumaku. Gharama ilifika takriban dola bilioni mbili. Kwenye kumbukumbu za kesi hiyo utakuta chumba cha sayari na nyota, na shamba la eka 25 lenye chumba cha mikutano chenye kiyoyozi. (Shamba lenye kiyoyozi! Babu yangu angeomba kazi hapo.) Weupe waliotarajiwa kutoka vitongojini hawakuja kwa wingi uliotakiwa, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikasema imetosha.

Thomas Jefferson ina asili tofauti kidogo. Ilizaliwa mwaka 1985 katika kaunti ya Fairfax, ndani ya jengo la sekondari ya kawaida iliyokuwa na jina hilohilo, na lengo lilikuwa sayansi na teknolojia. Jimbo lilikuwamo, kaunti ilikuwamo, na makampuni ya eneo hilo yalichangia. Inapokea watoto wa Fairfax pamoja na wilaya jirani: Loudoun, Prince William, Arlington na mji wa Falls Church. Ukiishi nje ya hapo, hata ng'ambo tu ya mto Potomac upande wa Maryland, huwezi kuomba. Nawaambia wazazi hili mapema kwa sababu kuna watu husaini mkataba wa nyumba kwanza, wakauliza baadaye.

Huko Maryland nako, mwaka huohuo wa 1985, ilianzishwa programu ya sayansi, hesabu na kompyuta ndani ya sekondari ya Montgomery Blair, Silver Spring. Hiyo ni sumaku ya aina nyingine: shule ndani ya shule. Wanafunzi wapatao 100 kwa mwaka huingia kwenye programu, lakini wanakula, wanacheza na kusoma baadhi ya masomo pamoja na wenzao katika shule yenye wanafunzi zaidi ya 3,000, wengi wao watoto wa wahamiaji. Ningekuwa na mtoto wa umri huo leo ningempeleka Blair kabla ya Thomas Jefferson. Sababu nitaisema mbele.

Kwanza ugomvi. Kwa miaka mingi kuingia Thomas Jefferson kulitegemea mtihani, na kuomba kulikuwa na malipo ya dola 100. Juni 2020 matokeo yalipotoka, wanafunzi 486 walipata nafasi, na idadi ya Weusi kati yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba takwimu rasmi hazikuitaja. Zilisema tu ni ndogo mno kutangazwa. Oktoba mwaka huo bodi ikafuta mtihani na malipo yake, na Desemba ikapitisha utaratibu mpya. Utaratibu huo unaipa kila shule ya kati ya umma (ile inayotangulia sekondari) nafasi sawa na asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa darasa la nane, na darasa zima likapanuliwa hadi takriban 550. Mwombaji lazima awe na wastani wa alama usiopungua 3.5 kati ya 4.0, anaandika insha akiwa chini ya usimamizi, na kuna mambo ya maisha yanayozingatiwa: kama familia ina kipato cha chini, kama mtoto bado anajifunza Kiingereza, kama ana mahitaji maalumu ya kielimu.

Darasa la kwanza la utaratibu huo lilibadilisha sura ya shule. Wanafunzi wenye asili ya Asia walishuka kutoka asilimia 73 hadi 54. Weusi walipanda kutoka 1 hadi 7, Walatino kutoka 3 hadi 11. Na namba iliyonishangaza kuliko zote: watoto wa familia zenye kipato cha chini walitoka chini ya asilimia 1 wakafika 25. Katika kaunti tajiri kama ile, maskini walikuwapo siku zote, ila hawakuwa wakionekana.

Kundi la wazazi, wengi wao wenye asili ya Asia, lilishtaki. Februari 2022 hakimu wa mahakama ya shirikisho aliwapa ushindi. Mei 2023 mahakama ya rufaa ikapindua hukumu hiyo kwa kura mbili dhidi ya moja. Februari 2024 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi, ingawa jaji Alito, akiungwa mkono na jaji Thomas, aliandika kupinga uamuzi huo wa kukataa.

Msimamo wangu: nakubaliana na bodi, lakini siwezi kuwacheka wazazi walioshtaki. Wengi ni wahamiaji kama sisi. Waliambiwa sheria za mchezo, wakawapeleka watoto masomo ya ziada Jumamosi, wakabana matumizi, kisha sheria zikabadilishwa mpira ukiwa uwanjani. Ila mtihani mmoja una kasoro ambayo sisi tuliokulia kwenye mitihani hatupendi kuisikia: unapima pia nani alimudu kufundishwa mtihani. New York bado wanafuata njia hiyo. Sheria ya jimbo ya mwaka 1971 inalazimisha mtihani uwe kigezo pekee katika Stuyvesant, Bronx Science na Brooklyn Tech. Mwaka 2019 Stuyvesant ilitoa nafasi 895, na wanafunzi Weusi waliopewa walikuwa saba.

Sasa tuingie ndani, maana mzazi anayejua takwimu zote hizo mara nyingi hajui mtoto wake atasoma nini.

Mwaka wa kwanza Thomas Jefferson huunganisha biolojia, Kiingereza na ubunifu wa teknolojia katika programu moja. Kundi lilelile la wanafunzi lina walimu watatu wanaopanga pamoja, kwa hiyo jaribio la biolojia linahitaji kifaa ambacho wanakitengeneza kwenye somo la teknolojia, na ripoti yake inasahihishwa na mwalimu wa Kiingereza. Naona huu ndio uvumbuzi bora wa shule ile, na hauzungumzwi kwa sababu hauna mashine inayovutia kupigwa picha. Mtoto aliyezoea kumeza maelezo na kuyatapika kwenye mtihani huteseka hapa muhula mzima. Wetu wengi wanateseka hivyo, wala si kwa upungufu wa akili.

Sayansi ya kompyuta ni lazima kwa wote. Kalkulasi pia ni lazima: huwezi kuhitimu bila kuisoma, wakati katika sekondari nyingi za Marekani ni hiari ya wachache. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya utafiti, ama katika moja ya maabara za shule, ama chini ya mtaalamu nje ya shule. Kuna maabara za elimu ya anga, bayoteknolojia, mifumo ya kompyuta, sayansi ya ubongo, bahari, roboti na nyinginezo. Wanafunzi wa shule hii walitengeneza setilaiti ndogo iliyorushwa Novemba 2013 kutoka Wallops, pwani ya Virginia, ya kwanza duniani kuundwa na wanafunzi wa sekondari. Na mwaka 1988, shule ikiwa bado changa, timu yake ilishinda shindano ambalo zawadi yake ilikuwa kompyuta kuu nzima, aina ambayo vyuo vikuu vingi vilikuwa vinaitamani tu.

Halafu kuna kipindi cha nane. Vilabu vina nafasi yake ndani ya ratiba, siku mbili kwa wiki, kabla ya basi la kwenda nyumbani. Kwa familia ambayo mama anafanya zamu ya usiku na baba anaendesha teksi, jambo hili ni kubwa kuliko setilaiti. Katika shule nyingine vilabu huanza baada ya basi kuondoka, kwa hiyo ni vya watoto wenye wazazi wenye gari na muda.

Ubaya wake upo. Mtoto aliyekuwa wa kwanza tangu chekechea anafika pale anakuwa wa katikati, na wengine wa mwisho. Sisi nyumbani huwa tunauliza "wa ngapi?" hata kabla ya kuuliza kama amekula. Swali hilo pale linamuumiza mtoto. Safari za basi kwa wanaotoka Loudoun au Prince William ni ndefu, na kazi za nyumbani zinasubiri mwisho wa safari. Ndiyo maana naipenda Blair: mtoto akilemewa na hesabu za programu, bado ana shule ya kawaida inayomzunguka, yenye watoto wa kila aina, ambako kutokuwa wa kwanza si msiba. Wanafunzi wa programu huwa na vipindi vinane kwa siku badala ya saba, kwa hiyo nafuu si ya kazi. Nafuu ni ya moyo.

Nilisema mlango wenyewe watu hawajauona. Ni huu: ili kuomba Thomas Jefferson, mtoto lazima awe anasoma angalau Aljebra 1, ya kiwango cha juu, akiwa darasa la nane. Asipokuwa kwenye darasa hilo hawezi hata kujaza fomu, awe na wastani wa 4.0 na insha ya kutoa machozi. Nani asome Aljebra darasa la nane huamuliwa mapema, darasa la sita na la saba, mara nyingi kwa karatasi ndogo inayokuja nyumbani kwenye mkoba na kukaa humo wiki tatu.

Watoto wetu wanaokwama zaidi ni wale waliofika karibuni. Nimeona mtoto kutoka Uvira, aliyekuwa akitatua milinganyo vizuri kabisa kwa Kifaransa, amewekwa kwenye darasa la kujumlisha sehemu kwa sababu karatasi ya kumpima ilikuwa ya Kiingereza. Aliyempanga hakuwa na nia mbaya. Aliona alama, akapanga. Ila mwaka mmoja ukipotea kwenye mnyororo wa hesabu, kuurudisha ni kazi, kwa sababu kila somo linasubiri lililotangulia.

Kwa hiyo mtoto akiwa darasa la sita, mwandikie mshauri wa wanafunzi wa shule yake, kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayoimudu, na uombe mkalimani kwenye kikao. Una haki ya kumwomba. Uliza mambo mawili: mtoto wangu yuko kwenye njia ya kufika Aljebra 1 darasa la nane? Kama hayuko, apimwe vipi ili ahamishwe? Peleka madaftari yake ya hesabu ya zamani, hata kama yameandikwa Kifaransa au Kiswahili. Namba husomeka. Na kama shule itasema muda umepita, uliza kuhusu kozi ya kiangazi kabla ya Aprili, kwa kuwa nafasi hujaa mapema.