Mtaro huutangulia upepo

Mimi hukagua miti ya Nairobi. Simu za miti huja alfajiri, na nyingi huja Aprili. Mvua imenyesha usiku kucha, mti umelala katikati ya barabara, pengine umelalia gari la mtu, nyaya za stima zimekatika na mtaa mzima uko gizani. Nikifika nakuta hukumu imekwisha kutolewa: upepo. "Jana upepo ulikuwa wa ajabu," wananiambia. Mimi nazunguka upande wa pili, nachuchumaa penye shimo, natazama mizizi.

Mjakaranda mmoja wa Kilimani ndio ulionifanya niandike haya. Shina lake lilikuwa na kipenyo cha sentimita 70, majani ya chini mabichi kabisa. Vitawi vya kileleni vilikuwa vikavu, lakini nani huangalia juu Nairobi? Upande wa barabara mizizi yote ilikuwa imekatika, ila haikukatika usiku huo. Ncha zake zilikuwa nyeusi, zinabonyea kwa kidole kama mkate uliochovywa kwenye chai, na zote ziliishia kwenye mstari mmoja ulionyooka kana kwamba umepigwa rula. Nikachokoa udongo kando ya mstari ule kwa kijiti, nikagonga paipu ya plastiki. Faiba, nyaya za intaneti. Mama mwenye kibanda cha mkabala alikumbuka vizuri: walichimba miaka mitatu nyuma, wakamaliza kwa siku mbili, wakafukia, wakapanga kabro, matofali ya njia ya miguu, upya. Zilipangwa vizuri, hilo nakiri.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuchora mti wenye mizizi inayoshuka chini kama matawi yanavyopanda juu. Mchoro ule umetuharibia miti mingi. Simamisha mwiko katikati ya sinia, hapo utakuwa karibu na ukweli. Sehemu kubwa ya mizizi haipiti nusu mita au zaidi kidogo kwenda chini. Hutambaa pembeni, hadi nje ya kivuli cha mti. Iliyo minene karibu na shina hushikilia mti usianguke, na ile myembamba ya mbali hunywa maji. Mtaro wa kina cha nusu mita, ukipita hatua mbili kutoka kwenye shina, huchukua yote mawili kwa upande mmoja, nanga na kinywa.

Mti hauanguki siku hiyo. Hapo ndipo mwenye mtaro anapopona. Mti una akiba ya chakula, unaendelea kuchanua Oktoba, barabara inageuka zambarau na watu wanapiga picha. Mwaka wa pili kilele kinaanza kukauka. Kuvu huingia kupitia vidonda vya mizizi na kupanda taratibu. Kisha masika moja udongo unalainika, majani yanabeba maji, na upepo wa kawaida tu unatosha. Kufikia wakati huo kampuni iliyochimba imeshahamia mtaa mwingine na hakuna anayekumbuka jina lake.

Waingereza wana kipimo ambacho wakaguzi wengi duniani wamekiazima: chukua kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.5, zidisha mara 12, na huo ndio umbali ambao udongo usiguswe bila mtaalamu kuuona. Mjakaranda wangu wa Kilimani ulistahili mita 8.4. Mtaro ulikuwa mita moja na robo kutoka kwenye shina. Kama huna futi ya kupimia kipenyo, chukua kamba, zungushia shina, kata pale inapokutana. Urefu wa kamba hiyo mara nne unakupeleka karibu sana na jibu lilelile. Kamba ninayo mfukoni siku zote. Mke wangu ameacha kuuliza ni ya nini.

Sasa, mti ule ulikuwa wa nani? Nairobi tunasema "kanjo" kwa kila kitu, ingawa baraza la jiji lilikwisha 2013 serikali za kaunti zilipoanza. Katiba inaipa kaunti bustani za umma na barabara za kaunti. Lakini barabara kuu kama Mombasa Road na Thika Road ziko mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, barabara nyingine za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na Karura na Arboretum zinatunzwa na Huduma ya Misitu. Kenya Power nao hupunguza matawi yanayogusa nyaya zao. Kwa hiyo mti mmoja unaweza kuwa umesimama kwenye hifadhi ya barabara ya mamlaka moja, matawi yake yako kwenye nyaya za kampuni nyingine, mizizi yake iko chini ya mtaro wa kampuni ya tatu, na majani yake hufagiwa na kaunti. Ukianguka, wote wanne wana sababu nzuri ya kupeana simu.

Vibali vya kuchimba nilivyowahi kushika mkononi vinauliza mambo mengi ya maana: lami itakatwa wapi, alama za tahadhari zitawekwa vipi, kabro zitarudishwa lini. Sijawahi kuona kimoja kinachouliza kuhusu mti. Lami ina bei inayojulikana kwa kila mita, na ukiiharibu unalipa. Mzizi hauna bei, basi unakatwa.

Mti ukipata mwenyewe, mambo hubadilika haraka. Mnaukumbuka mugumo wa Waiyaki Way, pale Westlands, wenye zaidi ya miaka mia? Novemba 2020 ulikuwa kwenye njia ya ujenzi wa barabara ya Expressway na ulipangiwa kung'olewa. Watu walipiga kelele, ukaokolewa kwa amri ya rais, na kuwekwa chini ya uangalizi wa Nairobi Metropolitan Services iliyokuwa ikiendesha jiji wakati ule. Bado umesimama. Naufurahia sana, lakini rais hawezi kutoa amri kwa kila mkinduri wa South B.

Kazi ya kila siku haina amri wala kamera. Ni ukaguzi, na ukaguzi mzuri hufanyika kiangazi, kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Naanza mbali, ng'ambo ya barabara, nione mti mzima: umeinama kiasi gani, kilele kikoje, upande mmoja umepoteza majani? Mti ulioinama tangu utotoni hujirekebisha, ncha yake hurudi kutazama juu, huo haunisumbui. Unaonisumbua ni ule ulionyooka shina zima na bado umelala upande, na udongo wa nyuma yake umeinuka au umepasuka. Huo umeanza safari. Kisha nasogea kwenye kitako. Uyoga mgumu unaochomoza kama visahani chini ya shina ni habari mbaya kuliko tundu kubwa lililo juu. Mwisho nachukua nyundo ya mpira na kugonga nikizunguka shina. Mbao nzima hujibu kwa sauti fupi, kavu. Penye uwazi husikika kama ngoma.

Uwazi peke yake hauuhukumu mti. Bomba la chuma nalo ni tupu ndani na hubeba paa. Kipimo cha haraka ni kwamba mbao nzima iliyobaki ikiwa na unene wa theluthi ya nusukipenyo hivi, mti bado una nguvu ya kujibeba. Nimewahi kubishana nusu saa na mwenyekiti wa mtaa aliyetaka mti ukatwe kwa sababu bundi alikuwa anaishi kwenye tundu. Sina hakika mpaka leo kama tatizo lilikuwa tundu au bundi.

Na kupogoa. Nitasema hili kwa hasira kidogo. Kunyoa mti kichwa si kupogoa. Unaona mti umekatwa wote kwa kimo kimoja kama uzio, ukabaki visiki vilivyosimama, halafu baada ya miezi michache umevaa machipukizi mazito kama ufagio, na watu wanasema umepona. Machipukizi hayo yameshikilia gome tu. Yakifika unene wa mkono, ndiyo yanayodondokea matatu. Tawi huondolewa mahali linapoota. Ukichunguza pale tawi linapotoka kwenye shina utaona uvimbe mdogo uliolizunguka, kama ukosi wa shati. Kata nje ya ukosi huo, usiuguse na usiache kisiki. Ndani yake kuna chembe zinazofunga kidonda. Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza chini, kidogo tu, mbali na shina, kisha juu, mbele zaidi, lianguke bila kuchuna gome, halafu kijiti kilichobaki ndipo kikatwe kwenye ukosi. Usipake rangi wala lami. Rangi hufunga unyevu ndani na kuvu hushukuru. Wala usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, mti unapikia humo.

Kabla ya kuwasha pawa, ule msumeno wa injini, pitisha mkono kwenye gome utafute misumari. Miti ya Nairobi ndiyo ubao wetu wa matangazo: mganga kutoka mbali, nyumba ya kukodisha, mwalimu wa hesabu. Msumari hauui mti, ila mnyororo wa msumeno ukiupiga unaweza kukata na kumrukia fundi.

Jambo jingine ambalo wanaopanda husahau ni udongo. Westlands, Lavington na Karen zina udongo mwekundu, wenye kina, unaosamehe. Ukishuka Embakasi na Donholm unakutana na ule mweusi unaopasuka kiangazi hadi kiatu kinazama, na unaovimba mvua ikinyesha. Unavuta mizizi huku na huku mwaka mzima. Grevilea iliyonyooka vizuri Karen inaweza kuinama huko kabla haijafika paa la ghorofa. Tulipewa sikukuu ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023 na tuna lengo la taifa la miti bilioni 15 kufikia 2032. Mimi nilipanda pia. Lakini miche niliyoiona siku hiyo, mingi ilikuwa na mizizi iliyojizungusha ndani ya karatasi kama tambi, na hakuna aliyeinyoosha kabla ya kuitia shimoni. Mizizi hiyo itaendelea kuzunguka hadi ijinyonge.

Kama una wasiwasi na mti wa mtaani kwako, andika barua kwa idara ya mazingira ya kaunti, taja barabara na jengo lililo karibu, weka picha tatu: mti mzima, kitako, na kilele. Usiseme "mti ni hatari", maana barua zote husema hivyo. Sema udongo umeinuka upande gani, na nani alichimba hapo na lini. Kukata pia kunahitaji kibali, hata kama wewe ndiye unayefagia majani yake kila siku.

Mwezi uliopita wachimbaji walifika mtaani kwangu mwenyewe. Vijana sita, sululu na sepeto, kamba ya msimamizi imenyooshwa moja kwa moja chini ya mkinduri ulio langoni. Nikatoa kamba yangu. Msimamizi alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayechelewa kazi, akasema njia haiwezi kuhama kwa sababu kuna bomba la maji upande wa pili, na alikuwa anasema kweli. Tukakubaliana wachimbe kwa mkono penye mizizi, wapitishe paipu chini yake, na mzizi wowote mnene kuliko kidole gumba usikatwe.

Kijana mmoja alibaki pale mchana kutwa, amelala kifudifudi, anakwangua udongo kwa panga chini ya mzizi mnene kama paja lake. Jioni nikampelekea chai. Mita tatu, alizimaliza zote. Wenzake walikuwa wameshafika kona.

"Umefanya kazi safi, kijana wangu," nikamwambia.

"Asante, mzee," akasema, akifuta panga kwenye suruali. "Ila sisi tunalipwa kwa mita."