Mtunga kamusi na mwalimu wa Kiswahili: yanayosemwa Goma na yaliyo kweli

Ukiwaambia watu wa Goma kwamba kazi yako ni kufundisha Kiswahili na kukusanya maneno ya kamusi, wengi watakuuliza: "Kiswahili nacho kinafundishwa? Si kila mtu anakiongea tangu utotoni?" Swali hilo limebeba dhana kadhaa kwa pamoja, na nyingine nimezisikia hata kwa walimu wenzangu. Nazijibu hapa kwa sababu zinawavunja moyo vijana ambao wangeifaa sana kazi hii.

Dhana: Mtunga kamusi ni mtu anayejua maneno yote.

Hakuna mtu wa namna hiyo. Anachojua mtunga kamusi ni kusikiliza, kuuliza, na kuandika alichosikia bila kukiharibu. Chukua mfano wa chukudu. Kila mtoto wa Goma anaijua, na sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama katikati ya mji. Sasa jaribu kumweleza msomaji wa Tanga ambaye hajawahi kuiona. Ukiandika "baiskeli ya mbao" umempoteza, maana haina pedali wala mnyororo. Ukiandika "mkokoteni" umempoteza tena, maana mkokoteni husukumwa au huvutwa tu, ilhali chukudu ikishika mteremko mwenyewe hupanda na kushuka nayo. Inabidi useme: chombo cha mbao cha kubebea mizigo, chenye usukani na magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, mwendeshaji huweka goti juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili, au husimama juu yake penye mteremko.

Hapo bado hujamaliza. Magurudumu ni ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu: hilo liingie kwenye fasili au liachwe? Ngeli yake ni ipi? Wenyewe husema chukudu hii, chukudu hizi, basi ni i-/zi-. Na sentensi ya mfano itoke wapi? Mimi sikai mezani nikabuni. Nawaendea wanaopakia viazi na makaa (makala, kama tunavyosema hapa), kwa kuwa wao wana jina la kila kipande cha chombo hicho na mimi sina.

Wala usidhani neno geni ndilo linalomtesa mtunga kamusi. Yanayomtesa ni piga, toa, kata, weka. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga kura, piga hodi: ni maana moja iliyotanuka au ni maana tano? Na pigia, pigana, pigisha, pigwa, kila moja liwe kidahizo chake, yaani neno lenye mahali pake penyewe kwenye kamusi, au yote yakae chini ya piga? Kamusi sanifu ya Frederick Johnson mara nyingi huyaweka maneno yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe. Mpangilio huo unamfaa anayejua sarufi, lakini mwanafunzi wa juzi hupekua kurasa mpaka anachoka. Kila uamuzi una msomaji wake atakayepotea, na ni lazima uamue.

Dhana: Kamusi ni kazi ya mwaka mmoja, unachukua ya zamani, unaongeza maneno mapya, basi.

Kuchukua za zamani kupo. Johnson mwenyewe alianzia kwenye kazi ya mmisionari Mwingereza Madan, ambaye kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka 1903. Lakini hesabu miaka. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844. Kamusi yake ilitoka London 1882, naye alikuwa amefariki mwishoni mwa 1881. Johnson, katibu wa kwanza wa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930, alifariki 1937, na kamusi ikatoka 1939. Wote wawili hawakuishika mkononi.

Kwetu tuliosoma kwa Kifaransa, wa kumtazama zaidi ni padri Charles Sacleux. Alizaliwa Ufaransa 1856, akafika Zanzibar 1879. Kamusi yake ya Kifaransa kwa Kiswahili ilitoka 1891. Akarudi kwao, akatoa vitabu vya sarufi 1909, kimojawapo kikihusu lahaja. Kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilianza kutoka 1939, mwenyewe akiwa amepita miaka 80. Sacleux alikuwa pia mtaalamu wa mimea, na mimea kadhaa imepewa jina lake kwa Kilatini. Ujuzi huo unaonekana kwenye kamusi: penye mti hakuandika "aina ya mti" akaishia hapo, kama wavivu wanavyofanya, bali alitafuta ni mti gani hasa. Na maneno aliyaandika pamoja na lahaja yake, hili la Unguja, hili la Mombasa, hili la Lamu. Ndiyo maana naipenda kuliko kamusi zote za zamani: haimwambii mtu wa Lamu kwamba amekosea kwa kuwa hakuzaliwa Unguja.

Dhana: Kamusi ni mambo ya Wazungu, na baadaye ya watu wa pwani. Sisi wa Congo tulipokea tu.

Jina lililo kwenye jalada halisemi yote. Krapf alisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mmisionari William Taylor, aliyesifika kwa kukijua Kimvita, lahaja ya Mombasa, alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na bila mwalimu huyo mashairi mengi ya Muyaka, mshairi wa zamani wa Mombasa, yangepotea. Watu kama hao walikuwa walimu na watunga kamusi kwa wakati mmoja, hata kama hawakulipwa kwa jina hilo.

Kuhusu Congo, mara nyingi watu wanashangaa wakisikia kwamba kamusi ya Kiswahili ya Kajiga Balihuta ilitolewa hapa hapa Goma mwaka 1975. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoka 1981. Tulitangulia kwa miaka sita, na bado tunawafundisha watoto wetu kana kwamba hatukuwahi kufanya kitu.

Dhana: Neno lisilokuwemo kwenye kamusi si Kiswahili, na Kiswahili cha Goma ni kibovu.

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Usanifu ulikuwa uamuzi: mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi, na kamati ya 1930 ikaendelea na kazi. Watu wa kwetu hawakuwa mezani, maana Congo ilikuwa chini ya Ubelgiji. Kwa hiyo mama wa soko la Virunga anapouza sombe, wakati kamusi nyingi zinajua kisamvu tu, anayepungukiwa ni kamusi. Anaposema "batu" badala ya "watu", anatumia kiambishi ambacho lugha nyingi za Kibantu zinazomzunguka zinakitumia mpaka leo.

Hata hivyo nafundisha Kiswahili sanifu, tena kwa ukali. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na kijana anayetaka kusoma au kufanya biashara Arusha anahitaji kuandika barua itakayoeleweka huko. Namwambia ana Kiswahili viwili, na asione haya kwa chochote kati yake.

Dhana: Anayekiongea anaweza kukifundisha.

Mwache akutane na mgeni anayeuliza kwa nini ni "kitabu changu kimefika" lakini "kinyozi wangu amefika", ilhali maneno yote mawili yanaanza kwa ki-. Mzaliwa atajibu, "Ndivyo tunavyosema." Tena kwetu wengi wanasema "kitabu yangu imefika", kwa hiyo mgeni anazidi kuchanganyikiwa. Mwalimu lazima ajue kwamba jina la mtu au mnyama hufuata upatanisho wa a-/wa-, aonyeshe mifano, kisha amtume mgeni sokoni akasikilize tofauti.

Kuhusu pesa, wanaosema kazi hii haitajirishi wanasema kweli. Wengi tunaishi kwa masomo ya wageni wa mashirika, na wageni wakiondoka meza inabaki tupu.

Dhana: Simu imeiua kamusi.

Simu imebadilisha mahali pa kuitafuta. Mradi wa kwanza mkubwa wa kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti ulianzia Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 1994. Lakini programu haisikii kisichoandikwa, na maandishi mengi ya Kiswahili yaliyomo mitandaoni yametoka Tanzania na Kenya. Kijana wa Ndosho au Himbi, mitaa ya hapa Goma, anayetaka kuanza aanze na kazi ya mzazi wake: ushonaji, uvuvi, useremala. Aandike majina ya vyombo, sentensi nzima kama zilivyotamkwa, tarehe, mtaa, na umri wa msemaji.