Kabla hujasugua jaketi lako kwa msasa ili lifanane na la filamu

Wateja wanaoniletea majaketi ya ngozi hapa Dodoma ili niyafananishe na lile la mwigizaji fulani wana imani moja ambayo sasa imenichosha, kwamba umaliziaji wa ngozi ni rangi tu, na kwamba rangi hiyo imo ndani ya picha iliyohifadhiwa kwenye simu. "Fundi, weka kahawia hii hii," huniambia, huku kioo cha simu kimepasuka na mwanga wake umepunguzwa ili kuokoa chaji.

Picha yenyewe nitaipitia haraka. Taa za tangsteni za studio zina joto la rangi la takriban Kelvini 3,200, yaani mwanga wa kimanjano, mwanga wa mchana takriban 5,600, yaani wenye ubuluu zaidi, na baada ya hapo rangi za filamu nzima hurekebishwa upya kabla haijatolewa. Tena, vazi la mhusika mkuu kwa kawaida hushonwa nakala kadhaa, nyingine zikiwa za mtu anayeruka na kuanguka kwa niaba yake, na kila nakala huchakazwa kivyake. Unapoitaka "rangi ya lile jaketi," unasema la tukio lipi?

Linaloniudhi hasa ni hili la kuchakaza. Deborah Nadoolman, mbunifu wa mavazi wa filamu ya kwanza ya Indiana Jones ya mwaka 1981, alilizeesha jaketi la mhusika mkuu kwa kisu cha mfukoni na brashi ya waya. Habari hiyo imeenea, na sasa kila mwenye jaketi jipya ananunua msasa, anasugua viwiko usiku kucha, kisha ananiletea ngozi yenye mabaka ya kijivu akiuliza kahawia imekwenda wapi. Haikuwapo. Ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromiamu hutoka kwenye pipa ikiwa na ubuluu mpauko unaoelekea kijivu, na kama haikutiwa rangi hadi kwenye kiini, ukiukwangua uso wake unaufunua ubuluu huo. Ngozi iliyosindikwa kwa tanini za mimea, kama zile za magome ya miwati inayolimwa Njombe, ina kiini cha hudhurungi chenye wekundu kidogo. Hiyo ukiipaka nyeusi juu, kadiri inavyochakaa kwenye viwiko na kingo za mifuko ndivyo hudhurungi inavyojitokeza yenyewe, na ndiyo sura mnayoihusudu. Kwa hiyo, kabla ya kushika msasa, fumua kidogo pindo chini ya bitana na utazame ukingo uliokatwa.

Naweza kuyatia mabaka hayo rangi ya kahawia, na wengi huondoka wameridhika. Mimi siridhiki sana, kwa sababu jaketi litaendelea kuchakaa likivaliwa, na kijivu kitarudi pale nisipopafikia. Likiwa la ngozi laini ya kondoo, msasa wa pili unaweza kulitoboa kabisa.

Jambo jingine ni kama ngozi imetiwa anilini, rangi inayopenya ndani, au imefunikwa kwa pigmenti, rangi inayokaa juu kama utando. Dondoshea tone la maji mahali pasipoonekana: likinywewa na kuacha doa la muda, rangi mpya itaingia, likibaki juu limejikusanya, lazima laka ya zamani iondolewe kwanza kwa asetoni, nami hufanya hivyo kwa shingo upande kwa kuwa sijui daima itang'oa kiasi gani cha mafuta ya ngozi yenyewe.

Mng'ao nao hubadilisha kila kitu. Rangi ileile ikimaliziwa bila mng'ao huonekana imepauka, na ikipigwa nta huonekana imekoza. Kahawia mbili zinazolingana chini ya balbu ya karakana huweza kuachana kabisa ukizitoa nje juani, na jua la Dodoma halimfichii mtu kitu.

Ngozi za mbuzi wa huku kwetu zina makovu ya miiba ya migunga, nayo hayanywi rangi sawasawa na sehemu zilizo nzima, hivyo hutoka yakionekana tofauti. Mteja yuleyule anayenilipa nimchoree mikwaruzo ya bandia hulalamika akiyaona haya ya bure.

Siku hizi natengeneza kwanza vipande vya majaribio kutoka kwenye ngozi ya aina ileile, naviacha vikauke kabisa kwa sababu rangi mbichi hudanganya, kisha mteja anachagua akiwa amesimama nje mchana, simu yake ikiwa mfukoni.