Joto la Mombasa Si Sababu ya Kula Jibini Ikiwa Barafu

Ukitaja jibini na bia za viwanda vidogo hapa Mombasa, jibu utakalopata ni moja: kwa joto hili, vyote viwe baridi mpaka viume meno. Basi jibini inatolewa kwenye friji na kukatwa papo hapo, bia inatoka kwenye friza, na glasi nayo imeganda. Kisha mtu anauma Gouda iliyokomazwa mwaka mzima na kusema haina tofauti na ile ya pakiti. Ingekuwaje na tofauti? Ladha ya jibini imo kwenye mafuta yake, na kwa nyuzi 4 mafuta hayo ni magumu. Harufu haitoki, ulimi unaambulia chumvi tu.

Cheda na Gouda zilizokomaa zinataka nyuzi 16 hadi 18. Brie na nyingine laini, 14 hadi 16. Hadi hapo vitabu viko sawa. Vinapotupoteza watu wa pwani ni pale vinaposema toa jibini saa nzima mapema, ifikie joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 18 au 20. Chumba cha Kisauni mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa ukingoni, kina nyuzi 31. Iache cheda humo saa nzima uone: mafuta yametoka juu kwa matone, kingo zimekauka, katikati inanata. Ukiirudisha kwenye friji mafuta hayarudi ndani, yanaganda juu na jibini inabaki kama sabuni.

Kwa hiyo, usiile ikitoka kwenye friji, wala usifuate saa ya Ulaya. Kipande cha gramu 150 cha jibini ngumu kinatosha dakika 20 hadi 25 kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Laini, dakika 15. Kiyoyozi kikiwa nyuzi 24, zidisha mara mbili. Wakati wa kusi, mwezi wa Julai, ongeza dakika chache. Na muda wote huo isifunguliwe karatasi yake. Hewa yetu ina unyevu mwingi, ikigusa kitu baridi inageuka maji. Afadhali maji hayo yakae kwenye karatasi kuliko kwenye jibini. Fungua ukiwa tayari kukata.

Halafu tumia macho na kidole, saa ni ya kukadiria tu. Gouda iliyo tayari inaacha kuwa na uso mkavu, inapata mng'ao mdogo. Ibonyeze: inakubali kidogo kisha inarudi. Kata kipande chembamba ukikunje. Ikiwa bado baridi kinavunjika upesi, ikiwa tayari kinapinda kwanza. Ukiona tone la kwanza la mafuta, muda umepita, kuleni mara moja.

Bia nayo. Mhudumu anauliza, "Baridi ama moto?" na kwa stauti nzuri, bia nyeusi na nzito, majibu yote mawili si sahihi. Laga na bia ya ngano, nyuzi 4 hadi 7. IPA, bia yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu), 7 hadi 10. Pota (nyeusi pia) na stauti, 10 hadi 13. Chupa ya nusu lita ikitoka kwenye friji ya nyuzi 4, IPA ipe dakika 8 mezani, stauti 15. Mimina mililita 150 tu, chupa irudi kwenye baridi, la sivyo nusu ya mwisho itakuwa chai. Glasi iliyogandishwa sitaki hata kuiona: inafurusha povu, na barafu yake inayeyukia ndani ya bia uliyoilipia pesa nzuri.

Kwa nini bia na si mvinyo mwekundu? Gesi. Inasugua mafuta ulimini, na kila tonge linakuwa kama la kwanza. Mvinyo mwekundu unakausha mdomo, na jibini laini inaufanya uwe mchungu.

Cheda kali na IPA zinapatana kwa sababu chumvi na mafuta vinapunguza makali ya hopsi. Gouda iliyokomaa, mpe pota: kimea (nafaka ya bia iliyooteshwa) kilichokaangwa kinakutana na ule utamu wa sukari iliyoungua. Korosho za Kilifi zikae pembeni. Jibini ya ukungu wa buluu inataka stauti nzito yenye utamu, na tende moja. Jibini changa ya mbuzi, bia ya ngano. Ile yenye ganda lililooshwa kwa maji ya chumvi ikikomaa, bia nyeusi ya Ubelgiji. Huko Ubelgiji, watawa wa Scourmont wametengeneza bia ya Chimay tangu 1862 na jibini tangu 1876, nyumba moja. Kosa ninaloliona kila mara ni Brie na IPA. Ganda la Brie likikutana na hopsi nyingi, unabaki na ladha ya chuma. Mpe laga nyepesi.

Ila majedwali haya ya kuoanisha jibini na bia yanajiamini kupita kiasi, hata langu. Uchungu hatuuonji sawa, wengine wamezaliwa na ulimi mkali. Na Brie ya wiki hii, ngumu katikati na pole, si ile ya wiki mbili zijazo, inayotiririka na kunuka amonia. Jedwali linazihesabu kuwa kitu kimoja. Onja bia, kisha jibini, kisha bia tena, uamue mwenyewe.

Wasiokunywa pombe, tangawizi yenye gesi inafanya kazi ile ile kwa cheda. Anayejali halali aulize kigandishaji cha maziwa kilichotumika. Kuna cha tumbo la ndama na kuna cha vijidudu.

Jibini zetu nzuri zinatoka bara, Tigoni kwa mfano. Zikija na basi la usiku, pakiti za barafu zifungwe gazeti zisiguse jibini, maana iliyoganda ikiyeyuka inamong'onyoka. Bia usinunue iliyopangwa dirishani: mwanga unaharibu hopsi, na joto linaifanya iwe na ladha ya boksi lililoloa.

Inayobaki ifungwe kwa karatasi ya nta, si plastiki ya kubana, iwekwe kwenye kibweta chenye kifuniko, droo ya mboga. Stima ikipotea, usifungue friji ovyo. Jibini ngumu itavumilia. Stima isiporudi hadi jioni, Brie iliwe usiku huo huo.